Anayewaandikia Vijana Hakushindwa

Nina donge rohoni, na ni heri nilitoe kabla halijaniua.

Donge lenyewe ni la mdahalo wetu wa muhula wa pili. Mnakumbuka mada ilisema: "Mwandishi wa vitabu vya vijana ni yule aliyeshindwa kuwaandikia watu wazima." Mimi nilikuwa mpinzani wa pili. Nilipoitwa mbele magoti yalinicheza, hoja zikanitoroka moja baada ya nyingine, nikasema dakika mbili badala ya tano, nikaketi. Upande wetu ulishindwa kwa kura nyingi. Mtetezi mmoja alituvunja mbavu aliposema ati kuwaandikia vijana ni kama kumpikia mgonjwa: chumvi kidogo, pilipili hakuna. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hata mimi nilicheka, jamani, na kumbe nilikuwa najicheka mwenyewe! Nilipofika nyumbani ndipo majibu yakaanza kunijia mbio mbio. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Bahati nzuri mhariri wetu amenipa nafasi hapa, na kalamu haina magoti ya kutetemeka.

Maoni yangu ni haya. Mwandishi wa vijana hakushindwa na chochote. Anaifanya kazi hiyo kwa sababu anapata furaha fulani ambayo mwandishi wa watu wazima huionja mara chache sana. Na furaha hiyo ukiitafuta utaipata katika neno moja dogo ambalo sisi hulisema kila siku tukisimuliana visa chini ya ule mti wa karibu na mfereji wa maji: "Halafu?"

Mtu mzima akimaliza kusoma sura moja huuliza, "Mwandishi anataka kusema nini?" Kisha hufunga kitabu akaenda kuangalia taarifa ya habari. Kijana huuliza, "Halafu ikawaje?" Asipojibiwa halali. Chakula kitapoa, taa itazimwa na baba, naye atasoma kwa mwanga wa simu chini ya blanketi. Sasa niambieni, ni mpishi gani asiyependa kupikia watu wenye njaa?

Nitatoa mifano, maana tuliambiwa siku ile kwamba hoja isiyo na mfano ni debe tupu.

Nianze mbali kidogo, huko Marekani, kwa kuwa kuna mfano unaotuhusu sana sisi wa umri huu. Susan Eloise Hinton alizaliwa mwaka wa 1948 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Alianza kuandika riwaya yake The Outsiders akiwa na miaka 15, na sehemu kubwa akaiandika akiwa na miaka 16, yaani umri wangu huu, naye bado ni mwanafunzi wa sekondari. Kitabu kilitoka mwaka wa 1967 akiwa na miaka 18. Msimulizi wake ni mvulana, na wachapishaji walihofia kwamba wahakiki wangekidharau wakijua kimeandikwa na msichana. Ndiyo maana jalada lina S. E. Hinton tu. Na jambo la kuchekesha ni hili: mwaka ule ule aliokuwa akikiandika, mwalimu alimpa alama ya D katika somo la kuandika hadithi! Nawaomba wenzangu mliopata D katika insha msikate tamaa, lakini pia msiende nyumbani kuwaambia wazazi kwamba ni mimi nimewapa ruhusa.

Kwa nini msichana huyo alijisumbua? Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba vitabu alivyovikuta vya kuwaandikia vijana havikufanana na vijana aliowaona shuleni kwao. Vitabu vilizungumzia sherehe za dansi na nani atampeleka nani. Shuleni kwao kulikuwa na makundi ya maskini na makundi ya matajiri, na walipigana hadi damu. Basi akamuumba Ponyboy, kijana wa miaka 14 aliyefiwa na wazazi wote wawili, anayeishi na kaka zake wakubwa. Mwishoni msomaji hugundua kwamba kumbe kitabu chote alichokuwa akisoma ni insha ambayo Ponyboy anamwandikia mwalimu wake! Nilipolijua jambo hilo nilitamani kuwaonyesha wote wanaosema ati insha ni kazi ya kutafuta alama tu.

Hapa ndipo hoja yangu ya kwanza ilipo. Mwandishi hufurahia kumwandikia kijana kwa sababu kijana hufanya kila jambo kwa mara ya kwanza. Mtu mzima amekwenda mazishini mara hamsini. Amedanganya, amedanganywa, amependa, ameachwa, na amezoea. Lakini mara ya kwanza kuona jeneza la mtu uliyecheza naye kandanda, mara ya kwanza kumdanganya baba ukimtazama machoni, mara ya kwanza kugundua kwamba mwalimu unayemwogopa naye anaogopa kitu, hayo hayasahauliki. Mwandishi akisimama hapo, kila kitu ni kipya hata kwake. Ni kama kuingia shambani asubuhi umande ukiwa bado haujakanyagwa na mtu.

Hoja ya pili: msomaji kijana hujibu. Mwaka wa 1980 wanafunzi wa shule moja karibu na Fresno, California, walikipenda kitabu hicho cha Hinton kiasi kwamba walishirikiana na mkutubi wao kumwandikia barua mwelekezi mashuhuri wa filamu, Francis Ford Coppola, wakatia sahihi zao, wakamwomba akigeuze kiwe filamu. Coppola akakubali, na filamu ikatoka mwaka wa 1983. Fikirieni, wanafunzi! Mtu mzima akipenda kitabu humwambia jirani, "Ni kizuri," basi. Kijana akipenda kitabu huanzisha kampeni.

Sasa turudi nyumbani, na nyumbani kwangu hasa, hapa Kitale.

Mama yangu ana kitabu kimoja tu cha hadithi, nacho hukaa ndani ya kabati pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Ni Siku Njema ya Ken Walibora, kilichotoka mwaka wa 1996. Mama alikisoma akiwa mwanafunzi wa sekondari. Jalada lilishatoka zamani, na kurasa zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna majina sita ya watu waliowahi kukimiliki, kila mmoja akiwa amemkata mwenzake kwa kalamu, na jina la mama ndilo la mwisho. Ndani ya kitabu kuna karatasi ambamo aliandika maneno aliyoyapenda, kwa mwandiko wa msichana, ili akayatumie katika insha zake.

Mnajua kisa chenyewe. Kongowea Mswahili amezaliwa Tanga, mama yake ni mwimbaji wa taarabu, baba hamjui. Mama akifariki, mtoto anabaki na mateso na hamu ya kumtafuta baba. Anafunga safari kuja Kenya, na safari hiyo inamleta mpaka wapi? Mpaka huku kwetu Kitale! Mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa nadhani vitabu hutokea Mombasa, ama Nairobi, ama Ulaya. Sikujua kwamba matope yetu haya yanayotuvua viatu mwezi wa Agosti, na mahindi yetu haya, yanaweza kuingia katika riwaya na mtu akasafiri kutoka pwani ya Tanzania kuja kuyaona. Nilipofika sehemu hiyo nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikaitazama barabara yetu kama mtu mgeni. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona barabara ile ikiwa barabara tu.

Walibora aliyajua maeneo haya. Alikulia Cherangani, si mbali na hapa. Baadaye alisoma hadi akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, na Wakenya wengi walimfahamu kwa kuisoma habari kwenye televisheni. Aliandika makala za kitaaluma zinazosomwa na maprofesa. Mtu kama huyo tunawezaje kusema alishindwa kuwaandikia watu wazima? Na bado alirudi kwa vijana tena na tena. Aliandika Ndoto ya Amerika, kisa cha vijana wanaotamani kwenda nchi ya mbali. Aliandika Kufa Kuzikana mwaka wa 2003. Aliandika Kidagaa Kimemwozea, ambayo watahiniwa wa KCSE waliisoma kuanzia mwaka wa 2013 hadi 2017. Aliyefukuzwa harudi kila mwaka kubisha hodi. Anayerudi ni yule aliyekirimiwa.

Na katika Kidagaa Kimemwozea kuna jambo linaloonyesha alivyotujua. Kijana Amani ni mwandishi. Ametunga riwaya, lakini mswada wake unaishia mikononi mwa Mwalimu Majisifu, ambaye anauchapisha kwa jina lake na kupata sifa. Waulizeni waliosoma ni sehemu gani iliwauma zaidi. Wengi watawaambia ni hiyo. Mtu mzima angeweza kusema, "Aa, ni karatasi tu, aandike nyingine." Kijana anajua kwamba kuibiwa ulichokiandika ni kuibiwa mwenyewe. Walibora hakusahau hilo hata alipokuwa profesa. Alitutoka mwezi wa Aprili 2020 jijini Nairobi, lakini Kongowea bado anatembea. Juzi tu nilimwona katika begi la mwanafunzi mmoja wa shule jirani, naye pia hana jalada.

Hiyo ndiyo hoja ya tatu: kijana hukiishi kitabu. Hukopa maneno yake, hukopa mwendo wake, na miaka 20 baadaye anacho kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ni mwandishi gani wa watu wazima atakayewekwa mahali kama hapo?

Nitataja wawili wengine kwa kifupi. Barbara Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka wa 1929, akaishi Uganda na Kenya, na akaandika kwa Kiingereza vitabu vya Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni. Vitabu hivyo vilisomwa Afrika Mashariki nzima. Moses huingia taabani, hutoka, kisha huingia tena. Kimenye hakuandika kimoja akachoka, aliandika mfululizo mzima. Mtu asiyefurahia kazi yake angemfukuza Moses shule katika kitabu cha kwanza, mambo yakaisha.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi wa Tanzania. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka mwaka wa 1971, yeye akiwa hajafikisha hata miaka 30. Rosa ni msichana kutoka kijiji cha Namagondo, kisiwa cha Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na ni mkali, hataki binti yake amkaribie mvulana yeyote. Rosa anapotoka nyumbani na kwenda masomoni, hajui uhuru unashikwaje, na mambo yanamharibikia vibaya sana. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye kikaja kuruhusiwa na kufundishwa. Sasa namuuliza bwana mtetezi wetu wa chakula cha mgonjwa: hapo pilipili haipo? Watu wazima waliwasha moto wa kukizima kitabu kwa sababu kiliwaambia vijana ukweli ambao wazazi waliufunika kwa kawa. Naamini hiyo ni furaha nyingine ya mwandishi, kumwambia ukweli mtu ambaye bado hajajifunza kujifanya haujui.

Baada ya hayo, wasomaji wapendwa, sina budi kueleza kisa changu mwenyewe, maana ndicho kilichonifundisha zaidi ya vitabu hivyo vyote. Naomba msinicheke.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikiandika hadithi nyuma ya daftari langu la hisabati. Ni kisa cha kijana anayeitwa Barasa. Mama yake huchoma mahindi kando ya barabara karibu na shule anayosoma Barasa. Kila asubuhi Barasa huzunguka nyuma ya maghala, anapita kwenye matope na uchafu, mwendo wa dakika kumi zaidi, ili wenzake wasimwone akimsalimia mama yake. Anachelewa na kuadhibiwa kila siku, lakini hasemi kwa nini. Kisha siku moja mvua inaharibu njia ya nyuma. Barasa anasimama kwenye kona, wanafunzi wenzake wanne wako mbele yake, na mama yake amekwisha kumwona. Hapo ndipo nilipoishia.

Jirani yangu wa dawati alilisoma akidhani anatafuta jibu la hesabu. Halafu likapita kwa mwingine, na mwingine. Kwa wiki mbili sikuwa na daftari la hisabati. Watu nisiozungumza nao, wa darasa la pili yetu, walinisimamisha njiani: "Wewe, Barasa alimsalimia?" Mmoja alinifuata hadi msalani! Nikimjibu kwamba sijui bado, ananikasirikia kana kwamba nimemfichia barua yake. Wenzangu, sijawahi kupata nambari ya kwanza darasani, sijawahi kufunga bao, lakini siku zile nilitembea kama mtu aliyefunga matatu.

Basi daftari likaangukia mikononi mwa mwalimu mmoja. Hakunichapa wala hakunifukuza, na kwa hilo namshukuru. Alilisoma lote, akasahihisha makosa ya sarufi kwa kalamu nyekundu, na chini akaandika: "Vizuri. Lakini funzo ni lipi?" Kwa kuwa nilimheshimu, usiku ule nikaongeza ukurasa mmoja. Barasa alimkimbilia mama yake, akapiga magoti, akaomba msamaha, wenzake wote wakalia, na nikamaliza kwa methali asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu alifurahi. Nikalirudisha daftari darasani.

Hakuna aliyeniuliza chochote tena. Yule aliyenifuata msalani alinirudishia daftari akasema maneno manne tu: "Sasa imekuwa insha, bwana." Sijawahi kupata alama mbaya iliyoniuma kama ile.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Nikaona kwamba mwalimu hakukosea kuuliza funzo ni lipi, maana hadithi isiyo na kitu ndani ni makelele. Mimi ndiye niliyekosea, kwa kudhani kwamba funzo ni kitu cha kubandikwa mwishoni kama stempu kwenye bahasha. Siku zile wenzangu walipokuwa wakibishana njiani kama Barasa atamsalimia mama yake ama hatamsalimia, walikuwa wakijiuliza wao wangefanya nini. Funzo lilikuwa likifanya kazi yake kimya kimya. Mimi nikaja na methali nikalifukuza.

Nikaurarua ule ukurasa. Lakini kabla sijautupa, mama alikuta daftari juu ya meza akitafuta karatasi ya kuwashia jiko. Sharti niwaambie kwamba mama yangu hachomi mahindi. Anauza sukuma wiki na nyanya, na mahali anapouza si mbali na lango letu, na kuna njia ya nyuma. Sitasema zaidi. Aliketi kwenye kigoda akasoma kuanzia mwanzo, midomo ikimcheza, kama nadhani alivyoisoma Siku Njema zamani. Alipomaliza hakuniangalia. Aliuliza tu, "Halafu, baba?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi mwandikie polepole. Huyo mtoto ana mzigo." Akanirudishia daftari, akaenda kutafuta karatasi nyingine.

Asubuhi iliyofuata nilipita barabara kubwa. Nawaachia nyinyi kujaza lililobaki.

Ndiyo maana nasema kwamba mwandishi wa vijana hupata kitu kikubwa. Msomaji wake hajui kuficha. Akichoka utaona, akipenda atakufuata mpaka msalani, na ukimdanganya atakwambia kwa maneno manne. Nani asiyetaka msomaji kama huyo?

Najua kuna watakaosema kwamba wanaoandika vitabu vya shule wanatafuta pesa tu, maana kitabu kikiteuliwa kitanunuliwa na nchi nzima. Sikatai kwamba mwandishi hula ugali kama sisi. Lakini mwandishi haketi chini akijua kwamba kitabu chake kitateuliwa. Wanaoteuliwa ni wachache mno, na wasioteuliwa bado wanaandika. Tena sisi wenyewe ndio tunaowanyima hizo pesa. Kitabu kimoja tunakisoma watu arobaini. Hilo si baya, maana ndivyo urafiki ulivyo. Lakini wengine wetu hununua nakala bandia kando ya njia kwa sababu zimepungua bei shilingi kadhaa, ilhali mwandishi hapati hata senti. Huko ni kumfanyia mwandishi yale Majisifu aliyomfanyia Amani, tofauti ni kwamba sisi hatuweki jina letu juu ya jalada. Tukimwibia mwandishi chakula, hiyo furaha peke yake itamfikisha wapi?

Wengine watasema kwamba sisi vijana hatusomi, tunashinda kwenye simu. Kweli, simu ina utamu wake na mimi si malaika. Lakini daftari langu lilikuwa kuukuu, lilikuwa na hesabu za logi upande wa mbele, mwandiko wangu ni wa kuku, na bado lilisomwa na madarasa mawili. Hatukatai kusoma. Tunakataa kusomeshwa kitu kinachotujibu kabla hatujauliza.

Kwa hiyo, nikiwa karibu na kikomo, nina maombi matatu. Kwa Chama chetu: tutenge rafu moja katika maktaba kwa ajili ya hadithi zilizoandikwa na wanafunzi kwa mkono, ziazimwe kama vitabu vingine, na kila daftari liwe na kurasa tupu nyuma ambapo msomaji ataandika swali lake kwa mwandishi. Kwa walimu wetu wapendwa, tena kwa heshima na taadhima: mtuachie hadithi moja kila muhula isiyoulizwa maudhui, wahusika wala tamathali. Tuulizeni tu tunadhani nini kitafuata, kisha mkae msikie kelele. Na kwa wenzangu: aliye na daftari la siri alitoe. Hinton hakungoja kumaliza sekondari. Alama yako isikutishe.

Kwa bwana mtetezi, ambaye ni rafiki yangu na tulikunywa uji pamoja baada ya mdahalo ule, nasema hivi: ulishinda kwa kura, nami nakubali. Lakini nakumbuka kwamba wewe pia ulikuwa na daftari langu kwa siku tatu, na uliponirudishia uliniuliza swali. Sitalitaja hapa ni swali gani. Walioelewa wameelewa.

Barasa bado amesimama kwenye kona, mvua imeanza tena, na mimi narudi kumwandikia polepole. Kwaherini.

Mpinzani wa Pili,
Kidato cha Tatu Mashariki